Ng'ombe Walilala Mpuguso

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajafika ukurasa huu, poleni, nitawarudisha njiani kwa maneno machache. Mimi ni Meshaki wa Lupepo, mwanamuziki ninayejisimamia mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyekubali kunisimamia. Kwa miaka saba nilikuwa na kibanda pale stendi ya Tukuyu, kompyuta moja na spika moja, nawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Kila memori iliyopita mikononi mwangu ilitoka na wimbo wangu ndani, mteja apende asipende.

Hiyo ndiyo ilikuwa redio yangu. Mtu ananunua nyimbo za mastaa wa Dar, anafika nyumbani, anakuta wa kwanza kuimba ni Meshaki.

Halafu simu kubwa zikaingia mpaka mashambani, na vifurushi vyake. Siku hizi watu hawasikilizi wimbo, wanautazama. Nikimwambia mtu nina wimbo mpya, ananinyooshea simu na kuuliza, "Video yake iko wapi?" Kibanda kikafa taratibu. Wiki jana mliniacha nimeuza spika ili Kasim anipige video ya wimbo wangu uitwao "Ng'ombe Watatu", na Kasim akaniuliza swali moja lililoniharibia hamu ya chakula.

"Ng'ombe wako wapi?"

Kasim ni kijana wa hapo hapo Tukuyu mjini. Baba yake anauza vitambaa sokoni, yeye anapiga picha za harusi na za kipaimara, na mdomo anao.

"Kaka, kwenye sauti unaweza kuimba ng'ombe mia, nani atakuhesabia?" aliniambia. "Kwenye video mtu anataka kuwaona. Ukileta wawili, ataandika pale chini kwamba wa tatu umemla."

Wimbo ule niliutunga kwa ajili ya Tulia, fundi cherehani, binti wa Mzee Abrahamu wa kijiji cha Masoko, mchumba wangu wa miaka minne. Unasema kwamba nitawaingiza ng'ombe watatu kwao mchana kweupe, kila mtu aone. Na hayakuwa maneno ya wimbo tu. Baada ya kunikataa mara mbili kwa kosa la kuwa mwanamuziki, Mzee Abrahamu alikuwa amekubali kupokea mahari Jumamosi ya wiki ile ile.

Ng'ombe wenyewe walikuwa zizini kwa Baba Mdogo Ambindwile, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Mmoja alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mzee Abrahamu alishafika Lupepo kumwona kwa macho yake, akampapasa mgongo, akasema huyo ndiye.

Sasa hapa ndipo ninapokiri.

"Baba Mdogo, nawapeleka ng'ombe josho," nilimwambia Jumanne asubuhi.

Alinitazama kwa mshangao. "Umeanza lini kulijua josho wewe?"

"Nataka wafike kwa mkwe wakiwa safi, hawana kupe."

Mzee wa watu alifurahi mpaka akaenda mwenyewe kunikatia fimbo ya kuswagia. Katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo la fimbo ndilo linalonitia aibu kuliko yote kulisimulia.

Tulia hakuweza kuwa kwenye video. Baba yake ni mzee wa kanisa, na alisema binti yake hatachezewa kwenye simu za wahuni. Kasim akatafuta msichana kijiji cha Mpuguso, anaitwa Beatrice, mchuma chai, mpole, hana maneno mengi. Baba yake, Mzee Hosea, akakubali kuigiza kama baba mkwe, na uwanja uwe wa kwake mwenyewe.

"Ila kupokea ng'ombe peke yangu siwesi," alisema Mzee Hosea. Kiswahili chake kimelelewa na Kinyakyusa, na herufi nyingine hapiti nazo. "Ng'ombe wanapokelewa na watu. Nitaita ndugu sangu."

"Waite, mzee!" Kasim alishangilia. "Wakiwa wengi ndiyo inapendeza!"

Akawaita. Wakaja wazee kumi na mmoja wamevaa makoti yao ya harusi na misiba. Wakaja na kina mama, na vigelegele ambavyo hakuna aliyewaomba.

Tukaanza. Nikawaswaga ng'ombe mpaka wakavuka geti. Mzee Hosea akasimama, akamgeukia binti yake, akauliza kama inavyoulizwa siku zote.

"Beatrice, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

"Ng'ombe hawa tuwapokee?"

"Wapokeeni, baba."

"Simama!" Kasim akapiga kelele. "Ng'ombe mmoja ameangalia kamera!"

Tukawatoa, tukawaingiza tena. Mara ya pili mvua ikashuka, tukaifunika kamera kwa mfuko wa nailoni, na mzee mmoja akapiga chafya katikati ya swali. Tukawatoa, tukawaingiza mara ya tatu. Yule mwekundu alikuwa ameanza kuhema, nami nikadhani ni uvivu. Mimi ni mtu wa kompyuta.

Mara ya tatu Beatrice hakuitazama kamera wala hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Akasema, "Wapokeeni, baba," kwa sauti ndogo sana, mpaka mama mmoja pembeni akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kuna kitu kilinipita kifuani, nikadhani ni njaa.

"Hiyo hiyo!" Kasim aliruka kwenye matope. "Nairusha hiyo! Kaka, huyu dada anajua kuigiza kuliko sisi wote!"

Nikasema kweli, anajua.

Mvua ya Tukuyu mnaijua, ikianza haina adabu. Njia yote ilikuwa utelezi, na safari ya kurudi Lupepo ilikuwa bado ndefu. Mzee Hosea akanionea huruma.

"Waache walale hapa. Kesho utakuja kuwachukua," alisema. "Ndaga fijo, asante sana, kijana. Leo umetuchangamsha."

Na mimi, Mnyakyusa mzima, niliyezaliwa katikati ya migomba, nikamkabidhi kamba, nikashukuru, nikapanda bodaboda. Ng'ombe wameingia kwa baba wa binti, ndugu wakiwepo, binti amesema wapokeeni, halafu wakalala pale pale. Jambo hilo kwetu lina jina moja tu, mahari, na hata mtoto wa darasa la pili Lupepo analijua. Mimi nilikuwa nawaza mwanga wa picha.

Jumatano asubuhi nilipofika stendi, kijana wa bodaboda alinipigia honi.

"Hongera, bwana harusi!"

Nikacheka. Hatua tano mbele, mama muuza ndizi akanishika mkono.

"Meshaki, kumbe siyo Masoko tena? Mpuguso nao wamepata!"

Hapo kicheko kikakatika. Nikampigia Kasim.

"Umefanya nini?"

"Nimerusha kionjo tu, kaka! Sekunde arobaini. Ng'ombe wanaingia, mzee anauliza, dada anajibu, basi. Watazamaji elfu kumi na nne mpaka sasa!"

"Na wimbo?"

"Wimbo sijauweka, ili watu waungoje."

Miaka saba nimeimba na nje ya stendi hakuna mtu aliyewahi kuijua sura yangu. Asubuhi ile moja, wilaya nzima iliijua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameusikia wimbo. Nikasoma walichoandika pale chini. Mmoja aliandika, "Huyo mzee apewe maua yake." Mwingine, "Ng'ombe wameshiba, kijana ana nia." Mwingine akawasifu kina mama wa Mpuguso kwa vigelegele. Kwao wale hakukuwa na video ya muziki. Waliona posa.

Simu ikaita. Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Hakuitikia.

"Meshaki, hilo josho lina wakwe?"

"Baba Mdogo, tulikuwa tunaigiza."

"Na ng'ombe wangu nao ni waigizaji?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Wamelala wapi?"

"Baba Mdogo, mvua ilikuwa..."

"Nimekuuliza wamelala wapi."

"Mpuguso."

Akakata simu. Mzee yule akikugombeza, ujue mambo yatakwisha. Akinyamaza, hapo ndipo pa kuogopa.

Nikakimbilia Mpuguso. Kabla sijafika getini nikasikia vigelegele, nikaona wanawake wamejaa zizini. Mzee Hosea alinipokea kwa mikono miwili.

"Watatu wamekuwa wanne! Yule mwekundu amesaa alfajiri. Ndama jike!"

Kumbe Baba Mdogo alijua ana mimba, na ndiyo iliyokuwa fahari yake, kumpelekea mkwe ng'ombe mwenye mzigo. Mimi nikamtembeza asubuhi nzima, kisha nikamwingiza na kumtoa mara tatu kwa ajili ya kamera.

"Mzee, nashukuru," nilisema. "Lakini nimekuja kuwachukua. Tulikubaliana ni video."

Uso wake ukabadilika. Akanivutia kigoda, akakaa mbele yangu.

"Mimi niliambiwa naigisa. Jirani sangu hawakuambiwa."

"Nitawaambia mmoja mmoja."

"Na yule mwalimu utamwambia?"

"Mwalimu gani?"

"Aliyekuwa anatuma mshenga kwa Beatrice tangu mwaka jana. Leo asubuhi ametuma salamu. Anasema ameona fidio, anatutakia heri." Akatikisa kichwa. "Sasa ukiwatoa ng'ombe kimyakimya, watu watasema nini? Watasema binti ana kasoro. Wamelala usiku mmoja tu, wamerudishwa!"

Mzee alikuwa na haki. Nilikuwa nimemharibia mtu binti yake kwa sekunde arobaini. Beatrice mwenyewe alikuwa zizini, amepiga magoti, anamfuta ndama kwa majani makavu ya mgomba. Hakugeuka.

Alhamisi Tulia akaja kibandani na mwavuli wake wa kijani. Hakuketi.

"Nimeitazama mara sita," alisema.

"Tulia, ni kuigiza, nakuapia."

"Najua. Kasim ameniambia."

Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mara tano nilikuwa nakutazama wewe," akaendelea. "Mara ya sita nikawatazama ng'ombe. Yule mwenye baka usoni ni wa baba yangu."

"Baba yako naye ameona?"

"Wewe unadhani nimeitazama kwenye simu ya nani?"

Mzee wa kanisa! Nikaegemea meza.

"Anasemaje?"

"Anasema Jumamosi anangoja ng'ombe wake. Hao hao watatu, na ndama juu yake, maana habari za ndama zimeshafika Masoko. Mmoja akikosekana, au wakija na maneno nyuma yao, hawavuki geti. Na mimi nisilitaje tena jina lako pale nyumbani."

"Na wewe unasemaje, Tulia?"

Aliufungua mwavuli ingawa bado tulikuwa ndani ya kibanda.

"Mimi nimengoja miaka minne. Sina mwaka wa tano kwa ajili ya ng'ombe waliokwenda kuigiza."

Mchana ule ule nikamchukua Kasim tukaenda kumpigia magoti Mzee Hosea. Safari hii alikuwa ameshafikiri.

"Nitawatoa," alisema. "Ila waliowaona wakiingia, wawaone wakitoka."

"Kivipi, mzee?"

"Fidio! Mchana, ndugu sangu wote wakiwepo. Na wewe useme kwa mdomo wako kwamba binti yangu hana kosa. Hapo watu watajua, na fijana wengine watarudi kuleta washenga."

Nilitamani kumkumbatia. Kumbe kilichofungwa na video kingefunguliwa na video.

"Tutarusha moja kwa moja, mzee!" Kasim alisema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Hakuna kukata, hakuna kurudia!"

Tukamweleza na Beatrice. Asingekuwa na kazi kubwa, neno moja tu. Baba yake angemuuliza kama ng'ombe warudi, naye angejibu, "Warudi, baba." Alitikisa kichwa kukubali, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Ijumaa saa sita mchana uwanja wa Mzee Hosea ulijaa kuliko Jumanne. Wazee kumi na mmoja walikuwepo na makoti yao. Majirani walikuwa juu ya ukuta. Baba Mdogo alikuja kumbeba ndama, hakunisalimia, akakaa na fimbo yake mwenyewe. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, yale yasiyoisha.

Na nje ya geti, chini ya mwavuli wa kijani, alisimama Tulia. Baba yake alimtuma akahakikishe kwa macho yake kwamba ng'ombe wametoka.

"Elfu sita wanatutazama sasa hivi," Kasim alininong'oneza nyuma ya simu. "Anza, kaka."

Nikasimama katikati. Sijawahi kusimama mbele ya watu bila ala nyuma yangu.

"Ndugu zangu," nilisema, "mliyoyaona Jumatano yalikuwa ya video. Nilikuja hapa kuigiza, na sikuwaza ninamwachia nani maneno. Binti huyu hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi. Na Baba Mdogo, ng'ombe sikuwapeleka josho. Nisamehe."

Wazee wakaguna, ule mguno wa kukubali. Baba Mdogo akainua kichwa kidogo, na hilo tu lilinitosha.

"Ndaga," akasema Mzee Hosea.

Ng'ombe wawili wakatangulizwa mpaka getini. Baba Mdogo akamnyanyua ndama. Mimi nikashika kamba ya yule mwekundu. Nikamwona Tulia anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima, nikasema moyoni, Meshaki, umepona.

"Bado," Mzee Hosea akainua mkono. "Ng'ombe waliingia kwa neno la binti. Hawatoki bila neno lake."

Beatrice akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni lile lile la Jumanne.

"Elfu tisa," Kasim akanong'ona. "Dada, neno moja tu."

"Beatrice," baba yake akaanza, taratibu, kila mtu asikie, "siku ile nilikuulisa, ukasema wapokeeni. Leo nakuulisa tena. Ng'ombe warudi?"

Beatrice akamtazama ndama mikononi mwa Baba Mdogo. Akatazama getini, kwenye ule mwavuli. Kisha akanitazama mimi, vile vile alivyonitazama Jumanne kwenye mvua, na ile njaa ikanirudia ingawa nilikuwa nimekula.

"Baba," alisema, "siku ile, mara mbili za kwanza nilikuwa naigiza."

Kasim akashusha simu, akakumbuka watazamaji wake, akainyanyua tena. Kule getini Tulia akaufunga mwavuli, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mzee Hosea alimtazama binti yake. Halafu akanigeukia mimi, niliyeshika kamba.

"Na wewe, kijana," akaniuliza, "ile ya tatu uliigisa?"